Tairi la Nyuma, Upande wa Kushoto

Mlionitumia meseji wiki nzima mkitaka Fredi Komba apelekwe polisi, wekeni simu chini kwanza. Tulipoishia, Hashimu, fundi matairi wa Ufukoni, alikuwa amelichana lile tairi lililopasuka la mkonga wa Subira, lile gari lake kubwa la kubebea watu na magunia, akamwambia Subira atie mkono ndani. Subira akautia. Alipoutoa, ulikuwa mweusi.

Haikuwa tope wala vumbi la barabarani. Ulikuwa unga mkavu, laini kama masizi ya chungu, umejaa tumboni mwa tairi.

"Nini hii?" Subira aliuliza.

"Mpira wenyewe," Hashimu alisema. "Tairi limejisaga kwa ndani."

Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka msikitini. Nyumbani kwa Subira, Mikindani, pilau lilikuwa mekoni na kitanda kimetandikwa mashuka mapya kumpokea mke wa Muzamil, mwanawe wa pekee. Mama wa bwana harusi hatoki nje siku kama hiyo. Lakini Hashimu alimpigia simu akamwambia njoo uone mwenyewe, na sauti yake haikuwa ya utani. Subira akaviacha vitunguu kwenye kinu, akapanda bajaji.

Fredi naye alikuwepo, amesimama karibu na rundo la rimu, amekunja mikono. Huyu ndiye muuza matairi ambaye Subira alimwita mwizi mbele ya wateja wake. Alimuuzia matairi manne mapya, na hata msimu wa korosho haujaisha, yote yamekuwa vipara na moja limepasuka. Nani asingemwita mwizi? Mimi mwenyewe niliandika hivyo, na sioni haya kuandika vingine leo.

"Tazama hapa, dada Subira," Hashimu alisema, akipitisha kidole juu ya tairi. "Katikati kashata, haya meno ya tairi, zimesimama kama ulivyonunua. Kingo zimekwisha, huku na huku. Tairi bovu huisha lote. Hili limeliwa mabegani tu. Limetembezwa kwenye lami bila upepo wa kutosha, na mzigo juu."

"Nani apunguze upepo? Gari analiendesha Iddi peke yake."

"Iddi haendi Msimbati?"

Subira akaliinamia tairi. Iddi, mdogo wa Subira, Msimbati ilikuwa njia yake ya kila wiki, na leo ndiko alikokwenda kumchukua bi harusi.

Na Msimbati kila dereva anaijua. Mchanga wa kule ni mzito, na gari lenye upepo mwingi linajichimbia kaburi lenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuingia mchangani dereva hushuka, hutoa upepo mpaka matairi yakae kama maandazi yaliyokosa hamira, na gari hupita bila shida. Akitoka, akifika njia panda ya Madimba, anatakiwa kujaza tena kabla ya kushika lami. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wana haraka, au wamezoea, au wanasema mjini kuna pampu nzuri zaidi. Wanatembea hivyo hivyo mpaka mjini, tairi linajikunja na kujikunjua, linachemka. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya tairi unaijua ukishalichana.

"Lakini atajaza," Subira alisema. "Akifika Madimba atajaza tu."

Hashimu na Fredi wakatazamana.

"Leo?" Hashimu aliuliza. "Na bi harusi ndani?"

Subira akageukia barabarani. Kwa watu wa kule, gari la bi harusi halisimami njiani. Likishaondoka mlangoni kwa wazazi wake, gurudumu halipumziki mpaka mlangoni kwa mume. Halisimami kwa maji, halisimami kwa salamu. Wanasema bi harusi aliyesimamishwa njiani, na ndoa yake itasimama njiani. Dereva gani angethubutu kusimama Madimba kujaza upepo huku akina shangazi wamelijaza gari?

"Kuna jambo jingine," Hashimu alisema, na safari hii hakumtazama. "Siku nilipofungua hili, niliona lile la nyuma, upande wa kushoto. Limetoka nundu ubavuni, kama yai. Nilimwambia Iddi asilibebeshe watu. Hakukwambia?"

Hakumwambia.

Subira akachukua simu, akampigia Iddi. Ikapokelewa, lakini sauti ilikuwa ya mwanamke, na nyuma yake vigelegele na honi.

"Tunarekodia hii simu, piga baadaye," mwanamke akasema, akakata.

Akapiga tena, ikakatwa. Akampigia Muzamil. Simu ya Muzamil iliita mpaka ikachoka.

"Gari langu lipo nje," Fredi alisema.

Subira alimtazama mtu ambaye yeye mwenyewe alimtukana mbele za watu. Akatoka, akapanda.

"Nachukua pampu nawafuata na bodaboda," Hashimu alipaza sauti nyuma yao.

Fredi aliendesha kwa kasi, mikono miwili kwenye usukani. Walishika njia ya Msimbati.

"Uliniuzia matairi ya zamani," Subira alisema, lakini bila nguvu, kama mtu anayedai kitu ambacho ameshakiona mfukoni mwake mwenyewe.

"Nilikuonyesha tarehe, Mama Muzamil. Zile namba za mwisho ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ulizisoma mwenyewe. Yalikuwa mapya."

"Basi yalikuwa laini."

"Hayo ndiyo uliyoyataka. Nilikuambia gari zito kama lile, lenye kubeba watu na magunia, linataka tairi la plai kumi, ubavu mgumu, kashata nene. Nikakushikisha kwa mkono wako. Ukasema yanapiga kelele, unataka gari litakalomleta mkwe wako bila kuunguruma."

Kweli alisema hivyo. Subira akageukia dirishani.

"Kosa lako lilikuwa dogo," Fredi aliendelea, sauti imepoa. "Hata ningekuuzia tairi la trekta, bila upepo lingekufa. Ila lile la plai kumi lingekufa polepole, ukapata nafasi ya kuliona."

"Ongeza mwendo, mwanangu."

Fredi hakuwa mwanawe, na jana asingemwita hivyo. Fredi akaongeza mwendo.

Sasa kuna jambo ambalo wasomaji wapya hawalijui, na bila kulijua hawataelewa safari hii ilivyomwia Subira ngumu. Ndoa hii aliipinga. Alisema mbele ya wajomba wote kwamba Zuhura wa Msimbati hataingia nyumbani kwake. Alitaka mkwe wa Mikindani, mtoto wa watu anaowajua. Wazee walimbembeleza, Muzamil akasusa chakula, na mwisho Subira akakubali kwa mdomo. Kule Msimbati walikubali kwa mdomo vilevile. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na ukoo wa Zuhura ulikuwa bado unautazama kila unyasi uliotikisika.

Mama huyo huyo ndiye leo angekwenda kulisimamisha gari la bi harusi katikati ya barabara. Nani angemwamini? Wangesema hakutoa radhi, amekuja kuivunja ndoa kabla haijafika mlangoni. Wangelisema hilo mpaka kwa wajukuu.

Heri nusu shari kuliko shari kamili, Subira alijiambia. Waseme. Wawe hai, waseme.

Walikuwa wameupanda mteremko mrefu wa kabla ya Madimba, wamefika juu kwenye tambarare, waliposikia honi. Haikuwa honi ya kuomba njia. Ilikuwa ile ya harusi, inayopigwa bila kupumzika, yenye mdundo wa ngoma. Kisha mkonga ukaonekana mbele, utepe mwekundu na mweupe kwenye boneti, kanga zinapepea madirishani, wanawake wamebanana nyuma wakiimba. Ulikuwa unakuja polepole kuliko kawaida ya Iddi.

"Fredi, mzibie."

"Mama, ni gari la harusi."

"Mzibie."

Fredi akawasha taa, akakata kulia, akaiweka pikapu yake katikati ya lami. Iddi alikanyaga breki. Mkonga ukayumba, ukateleza, ukasimama umebanana na pikapu, gurudumu lake la mbele kulia likitazamana na mlango wa Fredi kwa karibu kiasi kwamba usingeweza kupitisha kiganja, na mlango wa Iddi umebakiziwa nafasi ndogo tu. Vigelegele vikakatika.

Aliyeshuka wa kwanza ni Bi Tabu, somo wa bi harusi, ndiye aliyemfunda, mwanamke mwembamba aliyejifunga kanga mbili na asiyeogopa mtu.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Hajafa mtu."

"Kama hajafa mtu, mbona mwali wangu kasimamishwa?"

Subira hakumjibu. Alimpita, akaenda moja kwa moja kwenye tairi la nyuma, upande wa kushoto, akapiga magoti kwenye lami yenye moto. Tairi lilikuwa limelala, upepo kidogo, kama alivyojua. Akalipapasa ubavu kuanzia juu, akashuka, akazunguka. Akapapasa tena.

Hapakuwa na nundu. Ubavu ulikuwa laini, umenyooka, hauna hata mkwaruzo. Akahamia la mbele, upande huo huo wa kushoto. Nalo zima.

Akabaki amepiga magoti, mkono juu ya tairi zima, na harusi nzima imesimama ikimtazama.

"Umeridhika?" Bi Tabu alisema.

"Matairi haya hayana upepo," Fredi aliingilia. "Tunaomba msubiri kidogo tu. Fundi yuko nyuma yetu, anakuja na pampu."

"Si huyu ndiye aliyekuita mwizi juzi? Leo umekuwa dereva wake?" Bi Tabu alimpima kwa macho. "Sisi na nyinyi Wangoni ni watani, lakini utani wa leo umevuka mpaka. Kila gari linalotoka Msimbati halina upepo, na yote yanafika."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma Subira. Yote hufika, mpaka siku moja lisifike. Akainuka amsogelee Iddi, aliyekuwa bado kwenye usukani, kofia imemkaa upande.

"Iddi. Lile lenye nundu liko wapi?"

Iddi aliwatazama wakwe, akatazama mapaja yake. "Dada, gari haina shida. Tuachie twende, unatuaibisha."

"Nimekuuliza liko wapi."

"Ushaona mwenyewe la nyuma ni zima. Unataka nini zaidi?"

Subira alimlea Iddi tangu mama yao alipofariki, na alizijua sauti zake zote. Hii ilikuwa ya mtoto aliyeficha kitu mgongoni. Lakini alikosea namna ya kukitafuta, na kosa hilo mtaliona sasa hivi.

"Shuka," alisema. "Shuka kwenye hilo gari. Leo huendeshi tena."

Iddi akasita. Hakuwahi kumkatalia dada yake mbele za watu. Akasukuma mlango, ukafunguka kidogo ukagonga pikapu, akajibana na kutoka kiubavu, ufunguo ameuacha palepale.

Hapo mlango wa nyuma ukafunguliwa, Muzamil akashuka. Kanzu nyeupe, kilemba, na uso ambao Subira hakuwahi kuuona tangu amzae.

"Mama," alisema taratibu. "Ulisema hutaki nioe. Nimeoa. Sasa unataka nini?"

"Muzamil, nisikilize. Hashimu amelichana tairi..."

"Ulisema utampokea. Uliniapia."

"Nimetandika kitanda mwenyewe, mwanangu. Sikiliza."

"Mjomba kashushwa, mkwe wako kaanikwa juani kama samaki, na tairi ni zima. Umelishika kwa mkono wako." Muzamil akageuza uso. Alikuwa karibu kulia na hakutaka ukoo wa mkewe umwone. "Tutaongea nyumbani."

"Gari la mwali halilali njiani," Bi Tabu alisema, akipanda kumshika mwali mkono. "Kama hakuna dereva, kaeni hapo mchague dereva. Mimi nitampeleka kwa miguu."

Hilo ndilo lililomsukuma Muzamil. Akajipenyeza kati ya magari mawili, akaingia mlango ule ule aliotokea Iddi, akawasha.

Subira akakimbilia dirisha la nyuma. Ndani, chini ya shela, hakuona uso. Aliona mkono tu, wenye hina mbichi mpaka kwenye kiwiko, umeshika ukingo wa dirisha. Zuhura hakuwa amesema neno tangu gari lisimame. Bi harusi hasemi. Lakini sasa alisogea karibu na kioo.

"Mama," alisema. "Shikamoo."

Subira alifungua kinywa. Katika vikao vyote vile, katika kususiana kote, hakuwahi kumwacha msichana huyu amwite mama. Kabla hajaitikia, Muzamil alikuwa ameshaingiza gia. Mkonga ukarudi nyuma, ukajinasua, ukaizunguka pikapu, ukaondoka. Mkono wenye hina ukapita mbele ya macho yake.

Wanawake wakaanza tena kuimba. Honi ikaanza tena, safari hii kwa hasira, bila mdundo.

Barabarani wakabaki watu watatu. Subira akamgeukia Iddi. Hakuwa na ukali tena. Aliinua mkono wake wa kulia, ambao bado ulikuwa mweusi, umeacha alama kwenye kanga.

"Unaona hii? Ilikuwa ndani ya lile lililopasuka. Hashimu anasema ukitembea bila upepo tairi linajisaga tumboni, huku nje linakuchekea. Nimekuja kwa ajili hii tu. Sikuja kuivunja ndoa ya mtoto."

Iddi aliutazama mkono. Akaushika, akapangusa ule unga kwa kidole gumba, akautazama tena.

"Mimi nilidhani ni ubovu wa Fredi," alisema. "Wallahi dada, nilidhani hivyo."

"Lile lenye nundu, Iddi."

"Niliyahamisha jana." Maneno yakaanza kumtoka yenyewe. "Bi harusi anapandia kushoto. Simu zote za kurekodi zinakaa kushoto. Yale ya kushoto yalikuwa yamechakaa, yanatia aibu, nikaazima mawili kwa rafiki yangu nikayafunga upande ule. Yale yetu nikayapeleka kulia, huko hakuna atakayetazama."

"Lenye nundu umelifunga wapi?"

"Mbele." Iddi akavua kofia. "Mbele kulia."

Fredi alishika kichwa. Tairi la nyuma likipasuka, dereva mwenye bahati anaweza kulishika gari. La mbele likipasuka mteremkoni, usukani hauulizi bahati ya mtu.

"Nilijua nitakuwa mimi," Iddi alisema. "Nilijua nitakaa mimi juu yake, nitakwenda polepole."

Subira aliyasikia maneno hayo yakimfikia moja moja. Mbele kulia ni upande wa dereva. Iddi angekwenda polepole kwa sababu alijua. Ni yeye Subira aliyemshusha. Kwa kinywa chake, mbele ya watu, alimtoa kwenye kiti mtu pekee aliyejua, na kiti hicho akakikalia mwanawe, amekasirika, anakimbiza.

"Washa gari," alimwambia Fredi, na wakati huohuo vidole vyake vilikuwa vinatafuta jina la Muzamil kwenye simu. Akapiga.

Simu ikaita. Iliita karibu sana. Iliita kifuani mwa Iddi, ndani ya mfuko wa shati, chini ya kanzu.

"Alinipa nimshikie," Iddi alisema. "Bwana harusi hakai na simu."

Fredi alikuwa ameshageuza pikapu. Subira alikimbilia mlango, lakini macho yake yalikuwa chini ya mteremko, ambako mkonga ulikuwa mdogo tayari, utepe unapepea, ukielekea kwenye kona ya darajani. Muzamil hakuwa ameondoa mkono kwenye honi tangu alipoondoka. Ililia moja kwa moja, ikipanda mpaka juu kule walikosimama, na Subira akajikuta anaishikilia kama kamba. Maadamu inalia, wapo.

"Marahaba," alisema, kwa sauti, kwa msichana ambaye hakuwepo. "Marahaba, mwanangu."

Chini ya mteremko, honi ikanyamaza.